Ngano Haina Vinundu: Usiache Mbolea kwa Sababu ya Chupa

Leo sitaandika kwa upole kama nilivyozoea, kwa sababu kuna jambo limenichosha.

Msimu wa kupanda ngano unakaribia huku kwetu nyanda za juu kaskazini, na minadani zimeanza kuonekana tena chupa na pakiti za "vijidudu vya ngano". Wengine wanaziita mbolea hai. Maneno ya muuzaji ni yale yale ya mwaka jana: vijidudu hawa wanavuta nitrojeni hewani na kuilisha ngano, chupa moja inatosha ekari nzima, Urea sasa uachane nayo.

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni ili usinitafute katikati ya maneno. Usiache mbolea ya ngano kwa sababu ya chupa. Kama una hela ya vijidudu, iweke kwenye mikunde utakayopanda kabla ya ngano. Na kama bado unatamani kujaribu chupa kwenye ngano yenyewe, ijaribu kwenye kipande, usiijaribu kwenye shamba zima.

Nianze na kosa langu

Misimu michache iliyopita, watu wa kampuni moja walikuja ofisini wakaomba tuwatafutie shamba darasa. Tukawapa kipande kando ya barabara. Wakapanda ngano kwa DAP, wakapaka mbegu vijidudu vyao, wakakuzia kwa Urea. Jirani yake kulikuwa na ngano ya mzee mmoja ambaye mwaka huo hakupata hela ya mbolea kabisa. Siku ya wakulima tulisimama katikati ya mashamba hayo mawili. Huku kijani, kule njano. Wakapiga picha, wakasema, "Mnaona kazi ya vijidudu?" Mimi nilikuwa nimesimama pale na fulana waliyonipa, na sikuuliza swali lolote.

Swali lilikuwa moja tu: je, mngeweka DAP na Urea peke yake, bila vijidudu, ngano hii ingekuwaje? Hakuna aliyejua, kwa sababu kipande hicho hakikupandwa.

Msimu uliofuata mama mmoja wa kata yangu, ambaye hukodi ekari tatu, alinunua chupa tatu akaacha mbolea. Alinipigia simu wiki ya sita. Nilikuta majani ya chini yamekuwa ya njano yakianza kwenye ncha, mashina membamba, machipukizi machache. Hiyo ni njaa ya nitrojeni, haihitaji maabara. Tulitafuta Urea, lakini ilipopatikana mvua ilikuwa imekatika. Mavuno yake hayakufika nusu ya mwaka uliotangulia, na kodi ya shamba ilibidi auze mbuzi kuilipa. Hakunilaumu. Alisema tu, "Bwana shamba, mimi nilikuona pale siku ile." Ndiyo maana naandika.

Ukweli wa soya umehamishiwa kwenye ngano

Sisemi kwamba vijidudu ni utapeli. Uongo unaokubalika haraka ni ule uliojengwa juu ya ukweli, na ukweli uko hivi.

Kuna bakteria wanaoitwa raizobia. Hawa huingia kwenye mizizi ya mimea jamii ya mikunde, yaani maharage, soya, kunde, mbaazi, dengu, ngwara na njegere. Mmea unawajengea chumba, ambacho ndicho kile kinundu unachokiona kwenye mzizi. Unawapa sukari, na wao wanachukua nitrojeni ya hewa na kuikabidhi kwa mmea moja kwa moja. Ni ndoa kamili: chakula kinaingia, chakula kinatoka. Wakulima wa Brazil wanalima soya katika eneo kubwa sana na karibu hawaweki kabisa mbolea ya nitrojeni, kwa sababu ya bakteria hao. Muuzaji akikwambia hivyo, hajakudanganya.

Anakudanganya anapogeuka na kusema "na ngano ni hivyo hivyo". Ngano ni jamii ya nyasi, ndugu wa mahindi, mtama na shayiri. Haijengi vinundu. Ng'oa ngano popote duniani, osha mizizi, tafuta: hutaona kinundu hata kimoja. Kwa hiyo pakiti ya raizobia wa soya ukiipaka kwenye mbegu ya ngano ni sawa na kumpa ng'ombe funguo za nyumba. Funguo ni nzuri, ila yeye hana mlango.

Basi hakuna kijidudu wa ngano kabisa?

Yupo. Anayejulikana zaidi anaitwa azospirila. Huyu alichunguzwa sana Brazil kuanzia miaka ya 1970 na mtafiti Johanna Döbereiner na wenzake, na leo anauzwa huko kwa mahindi na ngano. Lakini kazi yake si ile unayoambiwa mnadani.

Azospirila hana chumba ndani ya mzizi wa ngano. Anaishi pembeni na juu ya mzizi, na nitrojeni anayoivuta hewani ni kidogo, nyingi anaitumia mwenyewe. Msaada wake mkubwa ni mwingine: anatoa homoni zinazofanya mizizi iwe mingi na yenye vinyweleo vingi. Mizizi ikiwa mingi, ngano inafikia maji na mbolea zaidi. Yaani anaongeza ukubwa wa mdomo, haleti ugali. Ukimpa mtoto mdomo mkubwa halafu sufuria iko tupu, umemwongezea njaa tu.

Mwaka 1994 watafiti Yaacov Okon na Carlos Labandera-Gonzalez walipitia matokeo ya majaribio ya azospirila ya miaka 20 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Katika asilimia 60 hadi 70 ya majaribio hayo mavuno yaliongezeka, kwa kati ya asilimia 5 na 30. Soma namba hizo pande zote mbili. Katika kila majaribio 10, matatu au manne hayakufaulu. Na faida ilionekana zaidi pale palipokuwa na mbolea ya kiasi cha kati na maji, si kwenye shamba lenye njaa.

Kwa mtu anayevuna gunia 10 kwa ekari, ongezeko la asilimia 10 ni gunia moja. Gunia moja ni hela, silidharau. Lakini ni gunia la juu ya mbolea, halitoki kwenye chupa iliyochukua nafasi ya mbolea.

Hesabu ya mfuko mmoja

Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Punje za ngano zenye protini ya asilimia 12 hivi zina nitrojeni karibu kilo 20 kwa kila tani. Ukivuna gunia 10 za kilo 100 kwenye ekari moja, umevuna tani moja. Kwa hiyo umepakia kwenye lori kilo 20 za nitrojeni na kuzipeleka kinuni. Hapo sijahesabu mabua uliyolisha ng'ombe.

Mfuko wa Urea wa kilo 50 una nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una asilimia 18, yaani kilo 9. Na nitrojeni unayoweka haifiki yote kwenye punje. Nyingine inapotea hewani, nyingine inashuka na maji.

Sasa muulize muuzaji wa chupa: hizi kilo 20 zitatoka wapi? Akisema hewani, mwambie akuonyeshe kinundu. Zisipotoka kwenye mbolea, samadi au mikunde, zitatoka kwenye udongo wako. Utakula akiba ya udongo mwaka huu, mwakani akiba itakuwa imepungua, na muuzaji atakuwa kwenye mnada mwingine.

Je, chupa yenyewe ina uhai?

Tuseme umepata bidhaa halali ya azospirila. Bado kuna swali: je, wako hai? Mfuko wa Urea uliokaa dukani miaka miwili unaweza kuganda, lakini ukiuponda nitrojeni bado imo. Kijidudu ni kiumbe. Jua linamuua, joto linamuua, maji ya bomba yenye klorini yanamuua, dawa nyingi za kuvu zinazopakwa kwenye mbegu zinamuua. Chupa iliyosafiri kwenye buti ya gari kutoka mjini, ikakaa mwezi mzima chini ya bati, ikaanikwa mnadani tangu saa tatu asubuhi hadi jioni, inaweza kuwa maji yenye harufu tu.

Wala si wasiwasi wangu peke yangu. Mradi wa COMPRO, ulioanza mwaka 2009 chini ya watafiti wa TSBF-CIAT, ulipima bidhaa nyingi za aina hii zilizokuwa zikiuzwa Kenya, Ethiopia na Nigeria. Zilizoonyesha faida ya uhakika zilikuwa chache, na miongoni mwa hizo chache zilikuwemo za raizobia kwa ajili ya soya. Umeona tunavyorudi kwenye mikunde?

Halafu kuna idadi. Gramu moja ya udongo wa shamba ina bakteria mamilioni kwa mamilioni. Udongo wa juu wa ekari moja, kina cha sentimita 15, una uzito wa zaidi ya tani 800. Unapomwaga chupa yako humo, ni kama kumshusha mgeni mmoja Kariakoo siku moja kabla ya Idi na kumwambia awatawale wenyeji. Raizobia anaweza kwa sababu mmea wake unamfungulia mlango. Kwenye ngano mgeni anabaki barabarani.

"Lakini bwana shamba, mbolea imechosha udongo"

Neno hili nalisikia kila kijiji, na ndilo linalowafungulia mlango wauza chupa. Nakubali kwamba udongo umechoka. Ila tuangalie umechokaje. Ngano juu ya ngano, mwaka hadi mwaka. Mabua yanafungwa marobota yanauzwa, yanayobaki yanalishwa, yakibaki tena yanachomwa. Jembe la trekta linageuza udongo mara mbili tatu, kisha upepo wa Agosti na Septemba unaubeba. Udongo wa namna hiyo hauna chakula cha kijidudu yeyote, awe mwenyeji au wa chupa. Ukimwaga bakteria hapo umewapa tiketi ya kwenda jangwani.

Vijidudu wazuri tayari unao. Wapo wanaoyeyusha fosfeti, wapo kuvu wanaoshirikiana na mizizi kutafuta maji. Wanachokosa ni mabaki ya mimea, kivuli na kupumzishwa jembe. Acha angalau sehemu ya mabua shambani, na usichome. Hiyo haiuzwi kwenye chupa, ndiyo maana hakuna anayekuja na fulana kukufundisha.

Weka hela yako kwenye mkunde

Sasa nifike ninapotaka ufike. Panda mikunde msimu mmoja, ngano ifuate. Mikunde inaweza kujitafutia nitrojeni, na wakati huo huo inavunja mfululizo wa magonjwa ya mizizi yanayozoea ngano ikirudiwa. (Kutu haihusiki hapa. Kutu huja na upepo, na chupa inayodai kutibu kutu kwa kupaka mbegu vijidudu irudishe hapo hapo.)

Fuata hatua hizi:

1. Soma jina la zao kwenye pakiti. Raizobia wa soya ni wa soya, wa dengu ni wa dengu. Soya na dengu ndizo zinazohitaji zaidi kupakwa, hasa shamba ambalo halijawahi kupandwa zao hilo. Kunde na mbaazi kwa kawaida hupata wenyeji wao kwenye udongo, kwa hiyo usikimbilie kununua. Maharage hubadilika badilika: kuna shamba linaitikia, kuna lisiloitikia.

2. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na uulize ilikuwa imehifadhiwa wapi.

3. Paka mbegu kivulini. Lowanisha kidogo kwa maji ya mvua au ya kisima yenye sukari kidogo ili unga ushike, changanya taratibu, kisha panda siku hiyo hiyo na ufukie mara moja. Kiasi fuata kilichoandikwa kwenye pakiti. Usichanganye mbegu hiyo na mbolea, na usitumie mbegu iliyopakwa dawa ya kuvu bila kuuliza.

4. Mikunde nayo inataka fosfeti. Bila fosfeti vinundu vinakuwa vichache na dhaifu. TSP inafaa, Minjingu inafanya vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali.

5. Mimea ikianza kutoa maua, chimbua mitano kwa jembe, usiing'oe kwa mkono maana vinundu vitabaki chini. Osha, kata kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au waridi, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, kijani au kijivu, hakifanyi.

6. Ukivuna, acha majani na mizizi shambani. Hapa wengi tunajidanganya. Ukiyang'oa maharage na mizizi yake, ukapiga nyumbani, na maganda ukampa ng'ombe, nitrojeni imehamia zizini. Basi irudishe kama samadi.

Na nisije nikawa muuza chupa mwingine: maharage yenyewe huacha nitrojeni kidogo, kwa sababu sehemu kubwa inaondoka na punje. Mbaazi na ngwara zinazoacha majani mengi chini huacha zaidi. Kwa hiyo usifute Urea mwaka wa ngano. Punguza kidogo kwenye kipande kwanza, uone.

Najua utaniuliza soko. Walioshika mbaazi mwaka 2017 India ilipobana uagizaji hawajasahau, na mimi sijasahau. Ndiyo maana sisemi upande mkunde mmoja shamba zima. Gawa. Panda unachokula nyumbani na unachojua mnunuzi wake, na uzungushe vipande.

Ukitaka kujaribu chupa kwenye ngano, jaribu hivi

Tenga vipande vinne vinavyofanana, udongo mmoja, mbegu moja, siku moja ya kupanda:

- Cha kwanza: mbolea yako ya kawaida.
- Cha pili: mbolea ya kawaida pamoja na vijidudu.
- Cha tatu: nusu ya Urea pamoja na vijidudu.
- Cha nne: nusu ya Urea peke yake.

Hicho cha nne ndicho wauzaji wasichotaka ukipande. Bila hicho, huwezi kujua kama cha tatu kimesaidiwa na vijidudu au ni udongo tu ulikuwa na akiba. Panda mbegu zisizo na vijidudu kwanza, zenye vijidudu baadaye, ili mikono na mashine isihamishe.

Wakati wa kuvuna, usipime kwa macho. Kwenye kila kipande pima sehemu tatu za mita 5 kwa mita 2, vuna kwa mundu, piga, kausha, pima kwa mizani. Kila kilo moja ya punje kwenye sehemu hiyo ni sawa na kilo 400 hivi kwa ekari. Tofauti ikiwa inazidi bei ya chupa, na ikajirudia msimu wa pili, mimi mwenyewe nitakuja kukupongeza na nitaandika hapa kwamba nilikosea kwa shamba lako.

Kwako mwenye duka

Ndugu yangu, mbolea ina bei elekezi na faida yake ni nyembamba. Chupa ina faida nono na haichukui nafasi kwenye stoo. Sikulaumu kwa kutafuta riziki. Lakini mkulima anayeacha Urea kwa neno lako na akavuna nusu, mwakani hanunui chupa wala Urea, na deni aliloandikwa kwenye daftari lako halitalipwa.

Kabla hujapokea katoni, muulize wakala mambo matatu: ni kijidudu gani na ni kwa zao gani, kimesajiliwa na mamlaka husika, na alikihifadhi wapi. Kwa mbolea na visaidizi vyake hapa Tanzania anza na TFRA. Asiyejibu, mrudishie katoni yake. Ulichokipokea kiweke mahali pa baridi na giza, mbali na viuatilifu, na kilichopita tarehe kiondoe hata kama umekilipia. Raizobia wa soya muuzie mtu wa soya. Akija mtu wa ngano akitaka chupa ili aache mbolea, mwambie ukweli, hata akitoka mikono mitupu. Atarudi, na atakuja na wenzake.

Kwako mkulima, ukiletewa chupa mwaka huu sema maneno haya tu: "Nionyeshe kipande chenye mbolea ile ile bila chupa yako." Asiponacho, mshukuru, mkaribishe chai, na hela yako ibaki mfukoni hadi siku ya kununua mbegu ya mikunde. Na siku hiyo ya wakulima ukiniona nimesimama mahali na fulana ya mtu, niulize swali hilo hilo mbele ya watu wote. Sitakasirika.

Tukutane shambani.